Mavazi ya dansi ya tumbo ya "kikabila": kabila gani hilo?



Wiki iliyopita mzazi mmoja miongoni mwetu, aliyeko huku Marekani, alituletea suali ambalo naona wengi mumelipita kwa mzaha. Binti yake yuko chuoni na amejiunga na kikundi cha kina dada wanaocheza dansi ya tumbo, ule mtindo unaoitwa wa "kikabila". Sasa mtoto anataka apewe mkufu wa fedha wa bibi yake, wenye kasha la hirizi, aushone kwenye mshipi wa kiunoni. Mama anauliza: nimpe au nisimpe? Na hilo kabila lenyewe ni kabila gani? Mmoja wenu akajibu kuwa hayo ni mambo ya Wamisri. Mwengine akasema hapana, ukiitazama blauzi utajua ni Wahindi. Wa tatu akashikilia kuwa ni Waberberi, kwa zile alama za kidevuni. Wote mumesema kweli, kila mtu na kipande chake, na hapo ndipo penye mushkil.

Kazi yangu ni kusomesha historia ya nguo na mapambo ya Bahari ya Hindi, na suali hili wanafunzi huniletea karibu kila mwaka. Basi nistahamilieni, jibu lake si la mistari miwili.

Kabila hilo lilizaliwa California. Mwaka 1968 mwalimu wa dansi Jamila Salimpour, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi ya sarakasi, aliunda kundi aliloliita Bal Anat ili licheze katika tamasha la kuigiza zama za kale za Ulaya, kaskazini mwa jimbo hilo. Pahala penyewe palikuwa uwanja wa wazi, mchana wa jua, watu wanapita huku na huku. Lile vazi la Cairo tulizoea kuliona katika filamu za Kimisri, sidiria na mshipi wa puleki na sketi laini, lilishonwa kwa ajili ya taa za ukumbi. Na hilo nalo si la kale kama watu wanavyodhani, kwani lilishika katika kumbi za Cairo za miaka ya 1920, kama ule alioufungua Badia Masabni mwaka 1926, na ndani yake mna mkono wa Hollywood. Salimpour akaliweka pembeni. Akachanganya onyesho: huyu na upanga kichwani, yule na nyoka, mwengine kachorwa uso, kila mmoja kavaa kana kwamba katoka nchi yake.

Mwanafunzi wake Masha Archer, msanii na mtengenezaji wa mapambo, katika miaka ya 1970 alikuwa na kundi lake San Francisco. Yeye hakutaka kila mtu na nchi yake. Alitaka wachezaji wote wafanane, vichwa vimefungwa vilemba. Kwa Archer akajifunza Carolena Nericcio kuanzia 1974, na mwaka 1987 Nericcio akaanzisha kundi la FatChanceBellyDance. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana wa mji ule, wenye tatuu mwilini, ambao wasingevaa puleki hata kwa kulipwa. Walitaka kitu kizito, cha pamba na cha chuma, kinachomfanya mwanamke aonekane mwenye nguvu badala ya kuonekana wa kutamaniwa tu. Mtindo huo ukaja kujulikana kwa jina la mtindo wa kikabila wa Kimarekani. Kwa hiyo hakuna kijiji, si Misri si India, ambako ukienda utamkuta bibi kavaa hivi kutoka kichwani hadi miguuni.

Lakini msije mkadhani kuwa vazi limeokotwa ovyo. Ukiielewa dansi yenyewe utaona kila kipande kina kazi. Mchezaji wa Cairo hucheza peke yake. Hawa hucheza kwa kundi, na hawakariri mchezo kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanabuni papo hapo. Kiongozi yuko mbele, wenzake wako nyuma yake kwa upande, na wanasoma bega, mkono, kichwa na mgongo wake. Akitoa ishara, wote hugeuka pamoja, na mtazamaji asiyejua huapa kuwa wamefanya mazoezi mwaka mzima. Basi vazi lazima lionyeshe ishara na lizidishe harakati.

Chukueni blauzi. Hiyo ni choli ya Rajasthan na Gujarat. Inashika kifua, tumbo liko nje, na mgongo uko wazi, umefungwa kwa kamba tu. Mgongo wazi maana yake ni kuwa anayefuata nyuma anauona uti unavyopinda. Chini ya mkono fundi hutia kikwapa, kama kile cha kanzu zetu, ili mkono ukiinuliwa juu kabisa blauzi nzima isipande nao. Juu ya choli ndipo huvaliwa sidiria ya sarafu. Haivaliwi peke yake kama Cairo.

Sketi ni ya pamba, ya ngazi ngazi, kila ngazi imekunjwa ikaungwa kwenye nyenziwe nyembamba iliyo juu yake, hata ikifika pindoni mzunguko wake huwa yadi 10, na zile kubwa hufika yadi 25, yaani karibu mita 23. Wengine huvaa mbili au tatu kwa pamoja. Mchezaji akizunguka inafunguka kama mwavuli, akisimama inaendelea kumzunguka kwa muda, halafu inatulia. Na kwa kuwa inafunika miguu, hatua hazionekani, utadhani kiuno kinaelea. Chini yake kuna suruali pana zilizofungwa kwenye vifundo vya miguu, ambazo huonekana pale sketi inapopandishwa na kuchomekwa kiunoni. Wenzangu wa Unguja mutacheka: bibi zetu walikuwa na suruali za mikunjo chini ya kanzu, wakiziita marinda. Nimepata kumuonyesha mwanafunzi wangu picha ya zamani ya mabibi wa mjini Unguja, akaniuliza kama nao walikuwa kundi la dansi!

Kiunoni ndiko kwenye uhondo. Kwetu mchezaji wa chakacha hujifunga leso, na neno la asili la kitambaa hicho ni kibwebwe, mpaka leo mtu akitaka kufanya kazi kwa bidii twasema kajifunga kibwebwe. Hawa kibwebwe chao ni mshipi mzito wenye vishada virefu vya nyuzi za sufu, na baina ya vishada kuna vioo, kauri, njuga na vidani. Kishada kina tabia moja nzuri: hufuata kiuno kwa kuchelewa. Kiuno kimekwishasimama, kishada bado kinakwenda. Harakati ndogo ya upande mmoja inaonekana kutoka mwisho wa ukumbi. Kazi ya leso yetu ni hiyo hiyo, isipokuwa leso haina uzito wa kukuumiza nyonga ukifika nyumbani.

Kilemba nitakipita haraka. Ni kitambaa kirefu kilichozungushwa, na juu yake hupachikwa mikufu na bruchi. Uzito wake unamlazimisha mtu anyooshe shingo, na mtu aliyenyoosha shingo hutazama mbele, hainamishi macho. Miaka ya karibuni wengi wameacha kilemba wakachukua maua kichwani, ni mepesi na hayahitaji pini arubaini. Vidoleni wana matuazi madogo ya shaba. Machoni wana wanja mwingi, hilo halihitaji maelezo kwetu.

Mpaka hapa naamini hakuna wa kugomba. Ugomvi unaanza tukivua vipande kimoja kimoja tukakiuliza: wewe watoka wapi, na nani alikuvaa kabla?

Kuna kitambaa cha wavu mweusi kilichotiwa vipande bapa vya madini, kizito, baridi mwilini, kinachong'aa kama samaki. Wamarekani hukiita kwa jina la mji wa Asyut, Misri ya Juu, na Waarabu hukiita tulle bi-talli. Wavu wenyewe ni wa mashine ya Kiingereza ya karne ya 19, na kupachika madini ni kazi ya mikono ya wanawake wa Asyut, kipande kimoja kimoja, kinapitishwa kwenye tundu, kinakunjwa, kinabanwa. Neno talli wenzetu mulioko Ghuba mwalijua: ni ule msuko wa nyuzi za kung'aa unaoshonwa kwenye mikono na shingo za nguo za wanawake wa Imarati, ambao mwaka 2022 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi. Ufundi wa Asyut ni mwengine na wa Ghuba mwengine, lakini jina linatembea.

Vioo vidogo vilivyozungushwa uzi ni darizi ya Gujarat, Rajasthan na Sindh. Kauri zilizoshonwa pamoja navyo mara nyingi ni kazi ya Wabanjara wa India, waliokuwa wasafirishaji wa bidhaa kwa misafara ya ng'ombe. Na kauri si kitu kigeni kwetu. Watoto wa pwani walizichezea kete kabla ya kete za plastiki. Kuanzia miaka ya 1840 kampuni za Hamburg zilizichukua kauri za mwambao wetu, shehena kwa shehena, zikazipeleka Afrika ya Magharibi ambako zilikuwa pesa halali sokoni, na zikamwagwa kwa wingi mpaka thamani yake ikaporomoka. Kwa hiyo ganda lililoshonwa kwenye mshipi huenda likaonekana pambo la ufukweni tu, lakini ni sarafu iliyofilisika.

Sarafu za madini nazo ndiyo khabari ndefu. Ile sidiria na mshipi wa sarafu havikubuniwa kwa ajili ya mlio. Wanawake wa Ouled Naïl wa Aljeria, ambao wasafiri wa Kifaransa waliwaandika na kuwapiga picha mno, walicheza kwa malipo, na malipo yao waliyavaa. Sarafu za dhahabu na fedha zilitobolewa zikawa mikufu na taji. Hiyo ilikuwa akiba yao ya kwenda kuanzia maisha. Bangili zao zilikuwa na miiba, kwa kuwa mtu anayetembea na benki yake shingoni lazima awe na mlinzi. Upande wetu wa bahari, Yemen na Omani, sarafu iliyotawala mapambo ni ile ya Maria Theresa wa Austria, yenye mwaka 1780, gramu 28 na kitu, ambayo imeendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada ya mwenyewe kufa. Ndiyo reale iliyotumika Unguja katika karne ya 19. Kiswahili chetu hakikuona haja ya kutenganisha: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Mke akiachwa au akifiwa, alichovaa ndicho alichonacho. Leo sarafu nyingi za wachezaji ni za bati zilizopigwa kwa mashine. Hazidanganyi mtu, ila mlio wake ni mkavu.

Halafu kuna mapambo ya Kuchi, ambayo kwa wachezaji hawa ni kama vile karafuu kwa Pemba. Si kuchi yule jogoo wetu wa kupigana! Kuchi ni jina la wahamaji wa Afghanistan, wafugaji wanaohama na mifugo yao kwa misimu. Mapambo yao ni makubwa, ya madini meupe ambayo mara nyingi si fedha halisi, yenye vigae vya rangi nyekundu, buluu na kijani, minyororo na njuga, na duara za shanga zilizoshonwa juu ya nguo. Yamefikaje San Francisco? Disemba 1979 jeshi la Kisovieti liliingia Afghanistan. Katika miaka ya 1980 zaidi ya Waafghani milioni tatu wakawa wakimbizi Pakistan. Mtu akikimbia huuza mifugo kwanza, kisha zulia, kisha kilichoko shingoni mwa mke na mama. Madalali wa Peshawar wakanunua kwa mizani, na magunia yakasafiri. Mwaka 1987 FatChanceBellyDance lilipoanza, soko la mapambo ya Kiafghani lilikuwa limejaa. Sisemi kuwa wachezaji waliomba vita vile. Nasema tu kwamba wingi na urahisi wa bei una sababu, na sababu hiyo haiandikwi kwenye kibandiko cha dukani. Kibandiko kinasema "kikabila".

Neno hilo lilikuwa likibandikwa vitu hata kabla ya California. Mshairi wa Kialjeria Malek Alloula, katika kitabu chake Le Harem colonial cha 1981, alikusanya kadi za posta ambazo wapigapicha wa Kifaransa waliziuza kwa maelfu. Anatuonyesha mwanamke mmoja, vazi lile lile, mapambo yale yale, katika kadi tatu. Katika moja ameandikwa ni binti wa Kibedui, katika nyengine ni binti wa kusini, katika ya tatu ni Mkabyle. Studio ilikuwa na sanduku la mapambo, na aliyelipwa kukaa mbele ya kamera alivishwa. Kwetu Unguja pia zilikuwako studio zilizopiga na kuuza kadi za aina hiyo, na wanawake wa pwani wameonekana humo kama aina na mifano, bila majina yao. Sasa picha kama hizo za Afrika ya Kaskazini ndizo zilizotumika California kama kielelezo cha mavazi. Zile nukta na mistari ya kidevuni, ambazo kwa wanawake wa Kiamazigh zilichanjwa kwa maana ya ukoo, utu uzima au kinga, zikawa za kuchora kwa kalamu ya wanja na kuoshwa usiku. Kidoti cha paji la uso kikachukuliwa kutoka kwa Wahindi kikawekwa juu ya uso huo huo. Ikiwa mwanamke wa kadi alikuwa wa makabila matatu kwa wakati mmoja, huyu wa jukwaani anayo kama sita.

Na sisi neno hili tunalisikia kwa sikio jengine. Hebu fikirini. Mwaka ule ule 1968 Bal Anat lilipokuwa likivaa "kikabila" California, serikali ya Tanzania ilikuwa katika kampeni, iliyoanza 1967, ya kuwashinikiza Wamasai waache mashuka na udongo mwekundu wavae suruali, ili wasilitie taifa aibu. Huku mtu anavikwa ukabila kama uhuru, kule anavuliwa kama uchafu, na katika pande zote mbili hakuna aliyemuuliza mwenye nguo. Waliokulia Kenya, Rwanda na Burundi hawahitaji mie niwaeleze neno kabila lilivyotumika huko. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kimarekani akiniambia kwa furaha "nimepata kabila langu", akikusudia marafiki zake wa dansi, najua hana nia mbaya, lakini mgongo wangu unasisimka.

Haki iwe haki: wenyewe wamelijadili. Mwaka 2014 mwandishi Randa Jarrar aliandika katika Salon kuwa hawezi kuwavumilia wanawake wa Kizungu wanaocheza dansi ya tumbo, na moto ukawaka kweli kweli. Hasira yake naielewa, hoja yake siichukui nzima. Profesa Donna Mejia wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ambaye mwenyewe ni mchezaji, alipendekeza tawi la mchanganyiko liitwe mchanganyiko wa kuvuka mataifa, na jina hilo limeenea. Hilo ndilo tawi la kina Rachel Brice, lenye mahameli nyeusi na suruali zilizobana juu na kupanuka chini, ambazo kaka zetu wakiziita bugaluu. Na mwaka 2020 Nericcio mwenyewe akaliondoa neno la ukabila katika jina la mtindo wake, sasa unaitwa kwa herufi za kundi lake, FCBD. Kwa hiyo yule binti akisema "kikabila", mwambieni kuwa amechelewa, waanzilishi wameshahama.

Kubadili jina lakini ni kazi ya siku moja. Kazi ya vipande vyenyewe iko pale pale, na hapa najitenga na wale wanaosema kila kitu kirudishwe kwao na mtu avae cha babu yake tu. Lau tungelishika shauri hilo pwani tungelibaki uchi. Nguo ya kawaida ya Unguja katika karne ya 19 ilikuwa merikani, na iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, kwa meli za Salem, Massachusetts. Leso zimechapwa India, Uholanzi na Japani. Marinda na barakoa vilikuja na Omani, kilemba tumekichukua kwa Waarabu, kipini cha pua kimepita India. Na baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamekatazwa kujifunika walizinunua nguo za mabibi wakazivaa mchana kweupe. Laura Fair ameyaeleza hayo vizuri sana katika kitabu chake cha 2001. Kuchanganya kwao kulikuwa ni madai ya utu. Tofauti ninayoiona ni moja. Mwanamke wa Ng'ambo alikijua kila alichovaa kwa jina lake, alijua kinavaliwa wapi na wapi hakivaliwi, na aliokutana nao njiani walijua pia, wakamsoma. Jukwaani Marekani vipande vimenyamazishwa. Kidani, mtali, kikuku, hazama, vyote ni "pambo la kikabila".

Sasa nije kwenye hirizi ya bibi, maana mama anangoja.

Lile kasha la fedha, la mstatili au mviringo kama bomba, lenye minyororo na vijinjuga chini, Omani huitwa hirz, na ndilo neno letu hirizi. Waturkmeni wana la kwao la pembe tatu na bomba, wakiliita tumar, na Waafghani na Wapakistani husema tawiz. Hayo ya Kiafghani na Kiturkmeni yanauzwa kwa wingi kwa wachezaji, na mengi hushonwa kiunoni kwa sababu yananing'inia vizuri. Aliyelitengeneza alilikusudia likae kifuani, shingoni au mkononi, maana ndani huwekwa karatasi yenye Aya. Mengine leo ni matupu, mengine yamezibwa kwa risasi na bado yana kitu ndani. Kama hirizi yafaa au haifai katika dini, mjadala huo nawaachia masheikh, wamekuwa nao kwa karne nyingi na hawataumaliza kwa sababu yangu. Lakini hata asiyeamini hirizi hawezi kukubali Aya ishonwe juu ya nyonga, ikaliwe kitini na kuingizwa nayo msalani. Mchezaji wa Ohio halijui hilo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Binti yetu hana udhuru huo, anaye mama.

Kwa hiyo jawabu langu kwa dada yetu: mkufu asiushone. Kwanza kwa hiyo hirizi. Pili kwa sababu ya fundi: minyororo ya kale ya Omani na ya Lamu imesukwa kwa waya mwembamba, inastahamili kifua cha bibi anayekwenda harusini, haistahamili kiuno kinachopigwa pande mbili kwa saa nzima. Pete moja ikikatika, sonara wa huku atakutilia risasi na kuiharibu fedha yote kandokando. Akitaka kuuvaa, auvae shingoni juu ya choli, wakati wa picha au wa kuingia, auvue kabla ya kucheza. Kiunoni avae vya bati, vipo tele na vinang'aa zaidi chini ya taa. Choli, sketi na vishada avae kwa raha zake, lakini anunue kwa anayeweza kumwambia ni kazi ya wapi.

Na nyumbani kuna jambo la haraka kuliko dansi. Mulioko Muscat mumeona wenyewe madukani Matrah: baada ya 1970 neema ya mafuta ilipoingia, wanawake walitaka dhahabu, na fedha za mama zao zikauzwa kwa uzito. Nyengine zikayeyushwa, nyengine zikaenda kwa watalii na wakusanyaji. Unguja na Lamu fedha zetu nazo zimepita mikononi mwa wenye maduka ya vitu vya kale, kimya kimya, hasa nyumba inapogawanywa mirathi. Kipande kikishafika kwenye sahani ya muuzaji, kinapoteza jina siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwenye vitu vya bibi yake sandukuni, avitoe. Apige picha, mbele na nyuma, aweke rula pembeni ionyeshe ukubwa, na aandike jina alilokuwa akilitamka bibi mwenyewe, kwa lafudhi yake, si jina la kamusi: kama ni kekee au timbi, furungu au mtali, na lilivaliwa mkono gani, arusi ya nani. Mama aliyeuliza suali nimeshamuomba aanze na huo mkufu, na binti ndiye atakayepiga picha.